Betri ya Boti Haishiki Chaji: Pima Kwanza, Kariakoo Baadaye

Boti ikigoma kuwaka asubuhi pale Kunduchi au Msasani, hukumu hutolewa kabla hata kifuniko cha injini hakijafunguliwa: betri imekufa. Inanunuliwa betri mpya ya saizi ya N70, siku chache zinakuwa nzuri, kisha mambo yanarudi palepale. Lawama zinahamia kwenye alteneta, mashine inayozungushwa na injini ili kuchaji betri, au kwenye rektifaya, kifaa cha kugeuza umeme uwe wa kuchajia betri, kama ni injini ya kuning'iniza nyuma. Nayo inabadilishwa. Mwenye boti anabaki na spea mpya mbili, deni dukani, na nahodha anayevuta kamba huku abiria wamesimama majini hadi magotini.

Kwa boti zetu za hapa Dar, nyingi zikiwa za faiba, zinalala nje kwenye chumvi na kufanya safari fupi, kifaa cha kuchajia chenyewe si mshukiwa wa kwanza. Wa kwanza ni viungo vya waya vilivyoliwa na chumvi. Wa pili ni waya wa hasi, yaani ethi, ambao fundi aliyezoea magari hakuutilia maanani. Wa tatu ni hesabu tu: umeme unaotumika ni mwingi kuliko unaorudi. Wote watatu wanakamatwa kwa multimita, na ile ya bei rahisi inatosha, mradi inasoma volti za DC (umeme wa upande mmoja, kama wa betri) na AC (umeme unaogeuka-geuka), omu (ukinzani wa waya), na ina alama ya dayodi, yaani kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Ongeza spana, brashi ya waya, msasa laini na kisu.

Kabla ya kuanza, fungua vifuniko hewa ipite na unuse kama kuna mvuke wa petroli. Betri inayochaji hutoa haidrojeni, na gesi hiyo hulipuka, kwa hiyo ule mtindo wa kugusisha waya "tuone kama ina moto" uache nchi kavu. Injini ya nje nayo usiiwashe bila maji. Itumbukize mguu kwenye pipa au iunganishe na bomba, la sivyo utaunguza impela ya pampu ya maji wakati unatafuta ugonjwa wa umeme.

Umeme unatoka wapi

Injini nyingi za nje, zile Yamaha, Suzuki na Mercury zinazoning'inia tezini, hazina alteneta ya mkanda. Chini ya flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka na injini, kuna koili zilizotulia, na flaiwili yenyewe imebeba sumaku. Sumaku zikizunguka, koili zinatoa umeme wa AC, ambao unaingia kwenye rektifaya na kutoka ukiwa DC. Kwenye mashine nyingi za kisasa regyuleta, kinachozuia volti zisipande mno, imo ndani ya kifaa hicho hicho. Injini ndogo za tu-stroku, kama zina koili za chaji kabisa, hutoa ampea chache tu, 6 hivi, na hizo ni mwendo ukiwa mkubwa. Kwenye sailensa, yaani injini ikiunguruma polepole bila kuongezwa mwendo, zinatoa kidogo mno. Zile kubwa za foo-stroku zinaweza kutoa ampea 35 hadi 70.

Dizeli ya ndani ina alteneta na mkanda kama gari. Tofauti ya kukumbuka ni hii: sumaku za flaiwili hazihitaji kuamshwa, lakini alteneta inahitaji umeme kidogo kutoka kwenye betri ili ianze kazi. Mara nyingi umeme huo unapita kwenye kibalbu cha taa ya chaji. Tutarudi kwenye kibalbu hicho, kwa sababu kimewatia watu hasara.

Vipimo vitatu vya kuanzia

Cha kwanza ni betri ikiwa imepumzika, injini imezimwa kwa saa kadhaa na hakuna kinachowaka. Weka multimita moja kwa moja kwenye vichwa vya betri, si kwenye klempu za waya. Volti 12.6 au 12.7 maana yake imejaa. 12.4 ni robo tatu hivi, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo. Ikifika chini ya 11.9 imekwisha. Ukisoma 10.5 hivi na haipandi hata ikichajiwa usiku kucha, seli moja kati ya sita imekufa, maana kila seli hubeba volti 2.1 hivi. Hapo usipoteze muda na vipimo vingine, betri hiyo imemaliza.

Kama betri imetoka kuchajiwa sasa hivi itakudanganya kwa kuonyesha 13 na zaidi. Washa taa dakika chache, zima, subiri, ndipo upime.

Cha pili ni wakati wa kupiga stata. Mwenzako ageuze ufunguo, wewe uangalie namba. Betri nzima iliyojaa isishuke chini ya 9.6. Ikiporomoka hadi 7 wakati ilikuwa 12.6, betri haina nguvu hata kama volti zake za mapumziko zinapendeza. Lakini stata ikigonga "tak" na kunyamaza, huku multimita inaonyesha 12.3 bila kutikisika, betri haina kosa: umeme haufiki kwenye stata. Kuna kiungo kibovu njiani, au stata yenyewe, au solenoidi yake, ile swichi nzito inayoipelekea umeme.

Cha tatu ni injini ikiwa inafanya kazi. Pima kwenye sailensa, kisha panda hadi mizunguko 2,000 au 2,500 kwa dakika. Namba inatakiwa ipande na kutulia mahali fulani kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki 12.4 na kuendelea kushuka polepole, hakuna chaji inayofika. Ikisimama 13.1 au 13.3, kuna chaji hafifu, au betri ilikuwa tupu sana na bado inameza, au injini ni ndogo na hicho ndicho kipimo chake. Ikipita 15, inachaji kupita kiasi. Ziandike namba zote tatu, maana kila dalili hapa chini inazirejea.

Vipimo viko sawa, lakini asubuhi betri tupu

Hii ndiyo kesi ya kawaida kuliko zote kwenye boti za utalii, na ndiyo inayouza betri nyingi bila sababu. Injini inapanda hadi 14.2 vizuri kabisa, fundi anasema mfumo mzima, na keshokutwa boti haiwaki.

Watu wengi wanaamini kuwasha injini ndiko kunakomaliza betri. Piga hesabu. Stata ikivuta ampea 150 kwa sekunde 3, umetumia ampea 0.125 kwa saa (hapa na mbele maana yake ni ampea zidisha saa, yaani ampea-saa), kiasi ambacho hata koili ya ampea 6 inakirudisha kwa chini ya dakika mbili za mwendo mzuri. Wanaokula ni wale wadogo wanaokaa mezani muda mrefu. Pampu ya kutoa maji ngamani inavuta ampea 3 hadi 4. Usiku wa masika, boti iko wazi nangani, mvua imenyesha, pampu ikafanya kazi jumla ya saa tano: zimeondoka ampea 15 hadi 20 kwa saa. Betri ya N70 haivumilii usiku nyingi za namna hiyo, na ikishazoea kushushwa chini ya nusu, uwezo wake unapungua moja kwa moja.

Sasa angalia kinachorudi. Kutoka Kunduchi hadi kisiwa cha Mbudya ni dakika kumi na tano, ishirini hivi kwa boti yenye injini ya wastani, na sehemu ya muda huo unatoka polepole kwenye maji mafupi. Injini ndogo ya ampea 6, tuseme imekupa robo saa ya mwendo wa maana: ampea 1.5 kwa saa. Toa redio yenye spika mbili kubwa, maana siku hizi boti isiyo na muziki haipati wateja, toa na chaja za simu za abiria. Umerudi na upungufu. Safari ya Slipway, kule Msasani, hadi kisiwa cha Bongoyo ni ndefu kidogo, lakini hesabu inafanana. Kwa wavuvi wanaowasha taa za LED usiku ni mbaya zaidi: taa ya wati 50 kwa saa sita ni ampea 25 kwa saa, na wapo wanaozitoa kwenye betri ile ile wanayotegemea kuwashia injini alfajiri.

Hapo hakuna kifaa kilichoharibika cha kubadilisha. Dawa ni betri ya pili kwa ajili ya matumizi, ile ya stata iachwe peke yake, na paneli ndogo ya jua. Paneli ya wati 50 yenye kontrola, kifaa cha kudhibiti chaji yake, kwa jua letu la Dar, inaweza kurudisha ampea 10 hadi 15 kwa saa kila siku huku boti imelala tu. Usifunge paneli hiyo bila kontrola kwa sababu muuzaji kasema "ni ndogo, haina madhara". Ina madhara kwa betri inayokaa wiki nzima bila kutumika.

Kama matumizi ni madogo na bado betri inakwisha, tafuta anayeiba. Zima kila kitu, ondoa klempu ya hasi, weka multimita kwenye tundu la ampea 10, kisha iunganishe katikati ya kichwa cha hasi na ile klempu. Usipige stata ikiwa hapo, utaunguza fyuzi ya multimita. Chini ya ampea 0.05 hakuna ugomvi. Ukisoma 0.5, hiyo ni ampea 12 kwa saa kwa siku, na siku tatu za kulala zinatosha kukuangusha. Chomoa fyuzi moja moja hadi namba ianguke. Anayepatikana mara nyingi ni swichi ya boya ya pampu iliyokwama, redio iliyofungwa moja kwa moja kwenye betri, au vile vitundu vya kuchajia simu vyenye namba za bluu zinazowaka usiku na mchana. Kwenye dizeli, kama fyuzi zote zimechomolewa na umeme bado unaondoka, toa waya mnene nyuma ya alteneta. Wizi ukikoma, dayodi ya alteneta inavujisha. Wakati mwingine utaigundua hata bila kipimo: injini imezimwa tangu jana, lakini ukishika alteneta ni ya uvuguvugu.

Alteneta inatoa, betri haipokei

Hapa ndipo chumvi inapofanya kazi yake. Dalili ni kwamba nyuma ya alteneta, au kwenye waya mwekundu wa rektifaya, unasoma 14.3, lakini kwenye vichwa vya betri unapata 13.1. Volti 1.2 zimepotelea njiani, na zinapopotelea panapata moto. Pitisha mkono taratibu kwenye viungo baada ya nusu saa ya mwendo. Kile chenye joto kuliko wenzake ndicho.

Njia ya uhakika ni kupima upotevu wenyewe. Injini iwe kwenye mwendo, taa na pampu ziwashwe ili umeme upite kwa wingi. Weka ncha nyekundu ya multimita nyuma ya alteneta kwenye nati ya chanya, na ncha nyeusi kwenye kichwa cha chanya cha betri. Ndiyo, chanya kwa chanya. Namba inayotokea ndiyo volti zinazopotea kwenye njia ya kwenda. Chini ya 0.3 inavumilika. Ikizidi, sogeza ncha nyeusi nyuma kiungo kwa kiungo: swichi kuu, fyuzi, kichwa cha kebo. Namba inaporuka kutoka 0.1 hadi 0.8, umevuka penye ugonjwa.

Kisha rudia kwa njia ya kurudi: ncha moja kwenye bodi ya alteneta au chuma kisicho na rangi cha injini, nyingine kwenye kichwa cha hasi cha betri. Kipimo hiki cha pili mafundi wengi hawakifanyi, na sababu inaeleweka. Kwenye gari, bodi nzima ni ethi, ukifunga popote panashika. Nimesikiliza mazungumzo haya ufukweni kwa namna nyingi:

"Mzee, ethi haina shida, nimeifunga vizuri kwenye bodi."

"Bodi gani, mwanangu? Hili ni faiba."

Kwenye faiba au mbao, kila ampea inayotoka lazima irudi kwa waya. Skrubu iliyokazwa kwenye ubavu wa boti haijaunganishwa na kitu chochote. Ethi ya pampu, ya redio na ya taa lazima zirudi kwenye bamba moja la pamoja, na bamba hilo liwe na waya mnene hadi hasi ya betri. Injini nayo iwe na kebo yake nene.

Ukishakikamata kiungo, usiishie kukikaza. Kifungue. Kichwa cha kebo kinaweza kuonekana kizima kwa nje, kikiwa kimezungushiwa tepu nyeusi, lakini ukikata ganda la waya sentimita mbili nyuma yake unakuta shaba imekuwa nyeusi, na pale inapoingia kwenye kichwa kuna unga wa kijani. Ikwangue kwa kisu: haing'ai, inamomonyoka. Waya wa aina hiyo huonyesha 12.6 bila mzigo, na ndiyo maana unawadanganya wenye taa za kupimia. Ukiuwekea mzigo unaanguka. Endelea kukata kurudi nyuma hadi ukutane na shaba inayong'aa, na kama umefika nusu ya kebo bado ni nyeusi, itupe.

Kwa kebo mpya, tafuta waya wa baharini ambao kila uzi wa shaba umepakwa bati. Ni ghali kuliko waya wa gari, na si kila duka la Kariakoo wanao, lakini ule wa gari unanyonya chumvi kwa ndani na ndani ya misimu michache unarudi kwenye kazi ile ile. Unene nao uzingatiwe: alteneta ya ampea 50 iliyo mita tatu kutoka kwenye betri inataka waya wa milimita 16 za mraba hivi. Kichwa kibanwe kwa koleo lake, si kwa nyundo, kisha kivishwe mpira wa kusinyaa kwa moto wenye gundi ndani. Vaselini au grisi inapakwa juu baada ya kukaza, kuzuia hewa na chumvi. Zile nati za masikio za kukaza kwa vidole kwenye betri ziondoe, weka nati za spana. Mtikisiko wa injini na mawimbi ya Kusi huzilegeza, na betri inayogusa na kuachia injini ikiwa kwenye mwendo hurudisha mshtuko wa volti unaoua rektifaya.

Volti hazipandi kabisa

Kwa injini ya nje, anza na fyuzi kuu iliyo chini ya kifuniko, mara nyingi ya ampea 20 au 30. Itoe, ipime kwa omu, usiitazame tu. Halafu, injini ikiwa imezimwa, pima waya mwekundu unaotoka kwenye rektifaya. Unatakiwa usome volti zile zile za betri. Ukipata sifuri, njia imekatika kati ya hapo na betri, na rektifaya haina hatia bado.

Kama volti zipo, nenda kwenye koili. Chomoa soketi inayounganisha koili na rektifaya. Mara nyingi nyaya zake ni za kijani kwenye Yamaha na za njano kwenye Mercury. Waya kwa waya, omu ziwe ndogo sana, chini ya moja au zaidi ya hapo kidogo kulingana na modeli. Kutoka waya wowote hadi bodi ya injini multimita isione njia kabisa. Ikiiona, koili imegusana na chuma na lazima flaiwili ivuliwe. Kipimo cha mwisho cha koili ni kuwasha injini soketi ikiwa imechomolewa na kupima AC kati ya nyaya. Namba ipande kadiri unavyoongeza mwendo, na kama nyaya ni tatu, jozi zote zifanane. Vidole viwe mbali, maana volti hizo zinaweza kuwa kubwa.

Koili zikiwa nzima na fyuzi ni nzima, ndipo rektifaya inaposhukiwa. Kwa alama ya dayodi, kila njia isome 0.4 hadi 0.7 upande mmoja na isisome kitu ukigeuza ncha. Ikisoma pande zote mbili imeungana ndani, isiposoma kokote imekatika. Zile zilizochanganywa na regyuleta hazijibu kipimo hiki kwa uaminifu, kwa hiyo ufukweni watu huazima ya boti ya jirani yenye modeli ile ile. Ni njia nzuri, lakini uwe umeshazipima koili, usije ukamuunguzia mwenzako yake.

Na rektifaya haifi hivi hivi. Kuna aliyefunga betri kinyume, hata kwa sekunde moja, wakati wa kubusti. Au kuna aliyezungusha swichi kuu kupitia "OFF" injini ikiwa inafanya kazi. Au fundi alitoa klempu ya betri injini ikiwaka ili aone kama itazima, kipimo cha zama za dainamo ambacho leo kinaua dayodi na kinaweza kuondoka na kompyuta ya injini ya foo-stroku. Mkatalie kwa heshima, lakini mkatalie.

Kwa dizeli, washa ufunguo bila kupiga stata na utazame taa ya chaji. Lazima iwake. Isipowaka, kibalbu kimeungua au waya mwembamba nyuma ya alteneta umechomoka, na alteneta nzima kabisa inaweza kulala usingizi kwa sababu hakuna wa kuiamsha. Kuna alteneta zimeshavuliwa na kupelekwa kusukwa upya kwa ajili ya kibalbu. Taa ikiwaka na kubaki inawaka kwenye mwendo, angalia mkanda. Ukiubonyeza kwa dole gumba katikati ya puli mbili, ulegee milimita 10 hivi. Unga mweusi kuzunguka puli, au kelele ukiongeza mwendo, ni dalili za mkanda kuteleza, na puli ikiwa inang'aa hadi kwenye kina cha mfereji, mkanda umeshaisha na unagusa chini. Baada ya hapo ni kaboni, yaani brashi za ndani ya alteneta, ambazo fundi wa alteneta anazibadilisha kwa gharama ndogo. Tazama pia kilicho juu ya alteneta: pampu ya maji ya bahari inayodondosha tone baada ya tone itaua na hiyo mpya.

Inachaji kupita kiasi

Harufu ya mayai viza, betri ya moto, maji yanayopungua kila wiki, balbu zinazoungua ovyo. Volti zinapita 15. Kwenye alteneta ni regyuleta, au waya wake wa kusomea volti umekatika na inadhani betri iko tupu. Kwenye injini ndogo ya nje yenye rektifaya isiyo na regyuleta, hilo ni umbile lake: safari ndefu kwa mwendo mkubwa na betri ndogo iliyojaa lazima zipande. Ifungie betri kubwa ya maji, washa taa kidogo njiani, au ongeza regyuleta inayolingana nayo. Betri zilizofungwa za jeli usiziweke hapo.

Geji ya mizunguko inaruka

Kwenye injini nyingi za nje, geji ya mizunguko inasoma mapigo yanayotoka kwenye koili za chaji. Ikianza kurukaruka au kufa huku injini inaunguruma vizuri, usikimbilie kununua geji. Pima chaji kwanza, kwa kuwa mara nyingi hiyo ni rektifaya inayoaga. Kwenye dizeli ambayo geji inalishwa na alteneta, mkanda unaoteleza hutoa dalili hiyo hiyo.

Betri mbili, moja haijai

Kama zimetenganishwa kwa kifaa cha dayodi, jua kwamba dayodi inakula volti 0.6 hivi, kwa hiyo 14.2 inafika ikiwa 13.6 na betri haijai kamwe. Relei, yaani swichi ya umeme, inayojifunga yenyewe volti zikipanda haina upotevu huo. Swichi ya kuzungusha ya 1, 2 na zote mbili ni nzuri pia, ila inategemea kumbukumbu ya nahodha.

Betri yenyewe ikikutwa na hatia

Baada ya yote hayo, betri inaweza kuwa mbovu kweli. Joto letu linafupisha maisha yake. Kwa betri ya maji, tumia haidromita, kipimo cha uzito wa asidi: seli iliyojaa husoma 1.265 hivi, na seli moja ikiachana na wenzake kwa 0.050 au zaidi, hairudi. Ongeza maji ya betri yaliyosafishwa tu, wala si asidi, na wala si maji ya kisima, ambayo sehemu nyingi za pwani yetu yana chumvi.

Unaponunua, ipime hapo hapo dukani kabla hujalipa. Chini ya 12.4 imekaa sana rafuni, omba nyingine. Ukishaifunga, rudia kipimo cha tatu, kile cha mizunguko 2,000, na uandike namba pamoja na tarehe kwenye tepu nyeupe ndani ya kifuniko cha sanduku la betri, fundi ajaye azikute.